Miaka Kumi na Minane ya Joseph Perry

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza filamu kwa ajili ya kanisa langu, na katika muda wote huo maswali ninayoulizwa yamekuwa mawili tu. Walio nje ya kanisa huuliza kama kazi hii inalipa, na walio ndani huuliza kama ni huduma au ni ajira. Sikuwahi kuwa na jibu linaloniridhisha kwa swali lolote kati ya hayo, hata niliposoma habari za Joseph Perry, ofisa wa Jeshi la Wokovu, kanisa la Kikristo lenye vyeo vya kijeshi, aliyeishi na kufanya kazi Melbourne, Australia, ambaye alianza kuwaonyesha watu picha za dini ukutani kabla sinema yenyewe haijavumbuliwa. Tangu hapo nimeacha kutafuta jibu la maswali yale mawili, kwa sababu nimeona kuwa liko la tatu ambalo ndilo zito kuliko yote: kazi anayoifanya mtu wa kamera kanisani ni mali ya nani, na nani ana mamlaka ya kuisimamisha?

Perry hakuanza akiwa msanii wala mtu wa maonyesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa Ballarat, mji wa machimbo ya dhahabu katika koloni la Victoria, akisimamia nyumba ya kuwapokea wafungwa waliomaliza vifungo vyao. Nyumba ya namna hiyo haijiendeshi kwa sala peke yake, na kwa kuwa Perry alikuwa na ujuzi wa kupiga picha, alifungua studio ndogo ya picha ili kuiongezea kipato. Wakati huohuo Jeshi la Wokovu lilikuwa likitafuta njia ya kuueleza umma mpango wake mkubwa wa kuwasaidia maskini, mpango ambao Jenerali William Booth, mwanzilishi wa Jeshi hilo, alikuwa ameutangaza katika kitabu chake cha mwaka 1890. Maneno matupu yalikuwa hayatoshi tena. Walihitaji picha, na mtu mwenye picha walikuwa naye tayari, akiwa ofisa wao wenyewe asiyehitaji kukodiwa. Akaitwa Melbourne, na mwaka 1892 ikaanzishwa idara iliyoitwa Limelight Department, yaani Idara ya Mwanga wa Chokaa.

Jina hilo linastahili kuelezwa, maana ndani yake mna kazi yote ya awali ya Perry. Kabla ya umeme kuenea, taa yenye nguvu ya kurusha picha ya kioo kutoka mwisho wa ukumbi hadi kwenye pazia la mbele ilipatikana kwa kuunguza oksijeni na haidrojeni pamoja, kisha ndimi za moto huo zikaelekezwa kwenye kipande cha chokaa mpaka kiwe cheupe na kutoa mwanga mkali usiotazamika. Moto ule hula chokaa na kuacha shimo, kwa hiyo mwendeshaji alipaswa kukigeuza kipande kile kidogokidogo muda wote wa onyesho, huku akibadilisha vioo na kusikiliza mvumo wa gesi ambazo zikichanganyika vibaya hulipuka. Mhubiri alikuwa mbele, amesimama kwenye mwanga. Perry alikuwa nyuma ya watu wote, gizani, karibu na gesi. Nimefanya kazi hii kwa muda wa kutosha kutambua kwamba mpangilio huo wa ukumbi haujabadilika sana, ingawa gesi zimeondoka.

Mwaka 1896 Herbert Booth, mmoja wa wana wa Jenerali, alifika Australia kuongoza Jeshi katika eneo hilo, na mwaka uliofuata idara ya Perry ikaanza kupiga picha zinazotembea. Naona inafaa kukumbuka hali ya sinema ilikuwaje mwaka huohuo wa 1897. Mwezi Mei, jijini Paris, taa ya projekta ilisababisha moto katika soko la hisani la Wakatoliki, na watu zaidi ya mia moja na ishirini wakafa, wengi wao wanawake wa familia za kikabaila waliokwenda kuuza vitu kwa ajili ya maskini. Kuna waliotafsiri janga lile kuwa adhabu kutoka mbinguni. Kwa kanisa lolote kununua mashine ya sinema katika mwaka kama ule lilikuwa ni jambo la kuthubutu, na sioni kama Perry angeweza kulifanya bila kiongozi aliyekuwa tayari kuweka jina lake mbele ya lawama. Herbert Booth alikuwa kiongozi wa aina hiyo. Alipenda jukwaa, alipenda mwonekano, na hakuona haya kuyatumia mambo ambayo wahubiri wengine waliyaita ya kidunia. Mtengenezaji filamu wa kanisa akimpata mlezi wa namna hiyo hana budi kushukuru; shida ni kwamba mlezi ni mtu, na watu huhamishwa.

Studio ya Perry ilikuwa katika makao ya Jeshi la Wokovu, namba 69, Mtaa wa Bourke, juu kabisa chini ya paa. Humo ndimo mlimotengenezwa mfululizo wa picha na filamu fupi kuhusu huduma za kijamii za Jeshi, na humo ndimo yalimofanyika maandalizi ya kazi iliyompa nafasi katika historia, Soldiers of the Cross, yaani Askari wa Msalaba.

Kazi hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Septemba 1900 katika Ukumbi wa Jiji la Melbourne. Wapo wanaoiita filamu ndefu ya kwanza duniani, nami sikubaliani nao, kwa sababu sifa hiyo inaificha kazi yenyewe badala ya kuitukuza. Haikuwa filamu moja. Yalikuwa mahubiri ya zaidi ya saa mbili yaliyotolewa na Herbert Booth kuhusu Wakristo wa kwanza na mateso yao chini ya Warumi, yakiambatana na slaidi za kioo kama mia mbili, muziki, na vipande vya filamu kumi na kadhaa ambavyo kila kimoja kilidumu dakika moja na nusu hivi. Booth alisema, slaidi ikatokea. Akaendelea kusema, ikatokea nyingine. Kisha, pale ambapo maneno yalifika ukingoni, picha ikaanza kutembea. Mtu ambaye dakika tano zilizopita alikuwa amesimama wima kama sanamu mbele ya mahakimu wake sasa alikuwa anaburutwa kwenda kuuawa. Hebu fikiria hali ya mtazamaji ambaye hajawahi kuona picha ikijongea zaidi ya mara moja au mbili maishani mwake.

Mimi naiona hiyo kuwa hekima ya uhariri ambayo wengi wetu tumeipoteza. Siku hizi tuna mwendo wa kumwaga, na kwa kuwa tunao tunautumia kuanzia sekunde ya kwanza, hata mwendo ukawa hausemi neno. Perry alikuwa na dakika chache tu za mwendo katika saa mbili, kwa hiyo alilazimika kuamua ni wapi hasa kitu kinastahili kutembea. Akachagua vifo. Mauti ya wafia dini ndiyo aliyoyapa uhai wa filamu, na yaliyobaki akayaacha kwenye kioo.

Sehemu kubwa ya picha hizo ilipigwa nje, kwenye uwanja wa tenisi wa makao ya wasichana yaliyoendeshwa na Jeshi huko Murrumbeena, kitongoji cha Melbourne, mbele ya turubai zilizochorwa majumba na nguzo za Roma. Waigizaji walikuwa maofisa, kadeti na waumini, watu waliovaa mashuka na ngao za kutengenezwa kwa ajili ya siku hiyo. Niliposoma habari hii nilicheka, kwa sababu niliwahi kupiga picha mbele ya pazia lililochorwa ukuta wa Yerusalemu, na upepo ulipovuma ukuta ukaanza kupumua. Ulijaa kama tumbo, ukanywea, ukajaa tena, na mzee aliyekuwa akiigiza nabii hakuuona kwa kuwa ulikuwa nyuma yake, akaendelea kutabiri anguko la mji ambao tayari ulikuwa unayumba. Tulirudia tukio lile mara tisa. Perry hakuwa na uhuru wa kurudia mara tisa, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali na jua halimsubiri mtu, na studio zenye taa kali za ndani zilikuwa bado. Kila tukio lilipaswa kukamilika kabla kivuli hakijahama, na waliokuwa wakiigiza ni watu ambao wengi wao, nadhani, hawakuwahi kuiona kamera kabla ya siku ile.

Kuna jambo jingine kuhusu waigizaji hao ambalo mtu asiyefanya kazi kanisani anaweza kulipita bila kuliona. Lengo la onyesho lile lilikuwa kuwapata vijana wa kujitoa kuwa kadeti, yaani kusomea uofisa wa Jeshi la Wokovu. Mwigizaji wa kawaida huigiza imani ya mtu mwingine, lakini kadeti aliyekuwa akifungwa kamba kwenye uwanja wa tenisi alikuwa akiigiza jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameahidi kuwa tayari kulitenda. Hii ndiyo nguvu ya pekee ya filamu za kanisa na pia ndiyo taabu yake. Huwezi kumwambia muumini kwamba hajui kuigiza, kwa maana yeye anaona unamwambia kwamba hana imani. Nimeshuhudia mwanakwaya akilia siku nzima kwa sababu nilimwomba apunguze machozi.

Basi mwandishi wa kazi ile ni nani? Matangazo yalimtaja Herbert Booth, na kwa haki, kwa kuwa maneno yalikuwa yake na mwili uliosimama mbele ya maelfu ulikuwa wake. Perry ndiye aliyepiga picha, aliyesimamia ujenzi wa mandhari na aliyeendesha mashine usiku wa onyesho. Sijaona ushahidi wowote kwamba alilalamika kuhusu jina lake, wala sishangai, kwa kuwa ofisa wa Jeshi hafundishwi kudai sifa. Hata hivyo napenda kusema, kwa niaba ya wote wanaokaa nyuma ya ukumbi, kwamba mhubiri akiugua, mahubiri huahirishwa. Mwendesha mashine akiugua, ndipo kanisa linapogundua kuwa alikuwepo.

Mwaka 1901 mambo yalipanuka kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Tarehe 1 Januari makoloni ya Australia yaliungana kuwa taifa moja, na serikali ya New South Wales ilipotafuta watu wa kupiga filamu ya sherehe hizo jijini Sydney, iliona kuwa wenye vifaa na ujuzi wa kutosha walikuwa ni watu wa kanisa. Perry akapanga kamera sehemu mbalimbali kando ya njia ya maandamano, jambo lililokuwa adimu wakati ambapo filamu nyingi zilipigwa na kamera moja isiyosogea. Baadaye mwaka huohuo idara yake ikapewa pia kazi ya kupiga ziara ya mwanamfalme na mkewe, Duke wa Cornwall na York, huko New Zealand. Hivyo ofisa aliyefungua studio ili kuwalisha wafungwa walioachiwa huru akawa ndiye mpiga picha wa kuzaliwa kwa taifa. Fedha ziliingia, na sifa pia. Lakini tangu hapo idara ile ikawa na mabwana wawili, yaani altare na soko, na kila aliyewahi kukodisha kamera ya kanisa kwa harusi ya mtu anajua jinsi mambo hayo yanavyoanza kwa urahisi na yanavyokuja kuwa magumu siku ya hesabu.

Mwaka 1902 Herbert Booth alijiuzulu kutoka Jeshi la Wokovu, akaondoka Australia, na akaondoka na Soldiers of the Cross, ambayo aliendelea kuitumia katika mahubiri yake nje ya nchi. Tafakari tendo hilo. Kazi kubwa kuliko zote za Perry ilifungwa masandukuni ikasafirishwa na mtu mwingine, naye akabaki studioni kuanza upya. Alianza kweli. Kwa miaka kadhaa alizunguka na kikundi cha maonyesho kilichoitwa Biorama, kikiwa na wanamuziki wake, kikionyesha filamu mji baada ya mji. Jeshi lilijenga studio nyingine ya vioo huko Caulfield, na mwaka 1909 Perry alirudia hadithi za wafia dini katika Heroes of the Cross, safari hii bila Booth, akaongeza na filamu kuhusu Wakristo wa Scotland waliokataa kulazimishwa na mfalme namna ya kuabudu. Kwa jumla idara ile inahesabiwa kuwa ilitengeneza filamu zipatazo mia tatu.

Mwaka huohuo wa 1909 alifika kiongozi mpya, Kamishna James Hay, na kufikia 1910 idara ilikuwa imefungwa. Katika kumbukumbu zake Hay aliandika kwamba sinema, kwa jinsi ilivyokuwa ikiendeshwa na Jeshi, ilikuwa imeleta udhaifu na wepesi usiopatana na maisha ya kweli ya Jeshi la Wokovu, na kwamba yeye ndiye aliyeikomesha kabisa.

Nimelisoma neno hilo la wepesi mara nyingi, na kila mara hasira yangu inapungua kidogo. Ni rahisi kumfanya Hay kuwa mjinga asiyejua thamani ya alichokuwa nacho mkononi. Mimi nadhani aliona kitu halisi. Kufikia 1909 majumba ya sinema ya biashara yalikuwa yameanza kuenea mijini, na mtu aliyeingia kwenye onyesho la Biorama huenda hakuona tofauti kubwa kati ya jioni ile na jioni ya kiingilio mahali pengine. Mnamo 1900 filamu ilimsubiri mhubiri ampe nafasi. Miaka tisa baadaye haikumhitaji tena. Kanisa lililoanzisha idara ili watu waje kwenye toba lilikuwa na haki ya kuhesabu wangapi wamekuja kwenye toba na wangapi wamekuja kutazama. Nisichokubaliana nacho ni kwamba jibu la tatizo hilo lilikuwa kufunga mlango. Angeweza kubadilisha filamu zenyewe. Lakini mwenye amri hakulazimika kueleza, na mwenye kamera hakuwa na mahali pa kukata rufaa.

Yaliyompata Perry hayakuwa lazima yampate kila mtu. J. Arthur Rank, Mmethodisti wa Uingereza aliyerithi biashara ya unga na ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, alianza na chama cha filamu za dini mwaka 1933 na baadaye akamiliki studio na majumba ya sinema. Hakuna kamishna aliyeweza kumfungia, kwa kuwa mfuko ulikuwa wake. Judge Whitaker, mchoraji wa katuni wa studio ya Disney, aliiacha kazi hiyo mwaka 1953 akaenda Provo, Utah, kuongoza studio ya filamu ya chuo kikuu cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, akadumu hapo hadi 1974, miaka ishirini na mmoja chini ya taasisi iliyokuwa na subira naye. Kati yao wote, hata hivyo, Perry ndiye ninayemwelewa bila kuelezwa, kwa sababu hakuwa na mfuko wala hakupata subira hiyo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa; yeye alicheza kwao miaka kumi na minane, akatolewa uwanjani ngoma ikiwa bado inalia. Aliliacha Jeshi, akaendelea kufanya kazi katika biashara ya filamu kama raia wa kawaida. Wanawe Orrie na Reg walikuwa wamekwisha kutangulia huko: majina yao yanatajwa miongoni mwa wapiga picha wa The Story of the Kelly Gang ya mwaka 1906, filamu kuhusu jambazi maarufu wa Australia ambayo ndiyo inayokubaliwa kuwa filamu ya kwanza ya kusimulia hadithi kwa zaidi ya saa moja.

Vipande vya filamu vya Soldiers of the Cross vimepotea. Kilichobaki ni slaidi za vioo, ambazo sasa zimehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia. Yaani sehemu zile ambazo Perry alizipa mwendo ndizo zilizokufa, na zile alizoziacha zisimame ndizo zinazotazamwa mpaka leo. Filamu ya zamani ilitengenezwa kwa nitreti, ambayo huoza yenyewe hata ikiachwa bila kuguswa, na kioo kina adui mmoja tu, kuanguka.

Nami nina filamu yangu iliyofungwa. Niliihariri kwa miezi minne, ikaonyeshwa mara mbili, kisha uongozi ukabadilika na kiongozi mpya akaagiza iondolewe kwa sababu tukio moja, la mwanamke anayecheka makaburini, halikumpendeza. Sikubishana sana. Nilidhani wakati ule kwamba nilikuwa nimedhulumiwa kwa namna ya pekee, nikakaa na kinyongo ambacho kilinifanya nisiguse kamera kwa karibu mwaka mzima. Wiki iliyopita, baada ya kumaliza kusoma habari za zile slaidi, niliitafuta filamu hiyo katika diski ya zamani, nikaifungua nikakuta sauti ya dakika tatu za mwisho imeharibika. Zilizobaki nilizinakili kwenye diski mpya, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito majina ya wote walioigiza, tarehe, na mahali tulipopigia. Diski ile ilinunuliwa kwa fedha za kanisa, kwa hiyo niliipeleka kwa mtunza stoo, ambaye aliigeuzageuza mkononi akaniuliza kama ni tupu ili ampe mtu wa mahesabu aitumie. Nikamwambia si tupu, na akaiweka kwenye rafu ya juu, pembeni ya vitabu vya nyimbo vilivyochakaa.